Mchirizi, Uzi na Tone: Historia ya Dhana Moja na Tatizo la Kuitafsiri

Mfasiri wa vitabu vya mitambo hukutana mara kwa mara na istilahi ya Kiingereza inayotaja kazi ya kuvunja kimiminika kuwa matone madogo sana, istilahi ambayo imejengwa juu ya neno atomu. Akiifuata kwa umbo lake, ataandika kwamba mafuta au maji "hugeuzwa kuwa atomu", naye atakuwa amepotosha. Tone la maji lenye kipenyo cha milimita 0.05 bado lina molekuli zaidi ya bilioni milioni moja. Wajerumani, kwa kazi hiyo hiyo, walitumia neno lenye maana ya kufanya vumbi, na Wafaransa neno lenye maana ya kufanya unga. Kila lugha ilichukua mfano wake, nasi tuna haki ya kuchukua wetu. Lakini hatuna budi kwanza kujua jambo lenyewe hutendekaje, kwa kuwa historia yaonyesha kwamba ndani ya neno hilo moja mmejificha matendo mawili.

Tendo la kwanza lilichunguzwa na Félix Savart wa Ufaransa, aliyeandika mwaka 1833 juu ya maji yatokayo katika tundu la duara. Yeye aliyaita mshipa. Mwaka 1873 Joseph Plateau, Mbelgiji aliyekuwa amekwisha kupofuka, alieleza kwamba mchirizi wa mviringo hauwezi kudumu katika umbo lake pindi urefu wake unapozidi mzingo wake. Kisha Lord Rayleigh wa Uingereza, mwaka 1878, alionyesha kwa hesabu kuwa vivimbe vinavyokua upesi kuliko vyote huachana kwa umbali wa kipenyo cha mchirizi mara 4.5 hivi. Mwaka 1931 Constantin Weber aliongeza hesabu ya mnato, ambao huchelewesha tendo hilo. Katika kazi zote hizo sababu kuu ni moja, nayo ni mvutano wa uso wa kimiminika. Mchirizi hujikata wenyewe. Ndivyo yanavyofanya marashi yatokapo katika matundu ya mrashi.

Tendo la pili lina asili nyingine. Hermann von Helmholtz mwaka 1868, na Lord Kelvin mwaka 1871, walieleza jinsi tabaka mbili zinazopita kwa kasi tofauti zinavyozusha mawimbi mpakani mwao, kama upepo juu ya bahari. Elimu hii ndiyo inayotuwezesha kufahamu kifaa chenye mirija miwili ya mhimili mmoja, ambamo kimiminika hutoka polepole katikati na gesi hupita kwa kasi kubwa kukizunguka. Injini kuu za vyombo vya angani vya Marekani vilivyoruka kati ya 1981 na 2011 zilitumia mpango huu: oksijeni ya kimiminika katikati, na gesi yenye hidrojeni nyingi pembezoni.

Philippe Marmottant na Emmanuel Villermaux, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, walieleza hatua zake kwa utaratibu. Kwanza gesi huzusha mawimbi juu ya mchirizi. Pili, vilele vya mawimbi hayo husukumwa mbele kwa nguvu, vikajikunja kwa upande na kutoa ncha. Tatu, ncha hizo huvutwa na gesi hata zikawa nyuzi. Mwisho, kila uzi hukatika kuwa matone, na kinachoukata ni mvutano ule ule wa uso aliouhesabia Rayleigh. Tendo la kwanza, basi, limo mwishoni mwa la pili.

Kwa hiyo neno moja halitoshi. Mfasiri akiandika "kuvunjika" kila mahali, fundi hatajua kama dawa ya matone makubwa ni kupunguza tundu la mrija ama kuongeza kasi ya hewa. Napendekeza tuseme kukatika pale mchirizi au uzi unapogawanywa na mvutano wake wenyewe, na kuchanwa pale gesi inapoutoa nyuzi. Neno jeti halifai kwa mchirizi, kwa sababu watu wamekwisha kulihusisha na ndege.

Na kwa kazi nzima ya kifaa hiki tunalo tayari neno upulizaji. Mkulima hupuliza dawa shambani, na dobi wa zamani alijaza maji kinywani akayapuliza juu ya nguo kabla ya kupiga pasi. Neno hilo hutaja pumzi, na katika kifaa cha mirija miwili pumzi ndiyo itendayo kazi. Wakati mwingine istilahi tunayoitafuta mbali imo katika vinywa vya watu. Kazi ya mfasiri ni kuipima kwa elimu, kisha kuitumia pasipo kuigeuzageuza.