Kazi ya Mchezaji wa Teatri: Eklezia na Watu Wetu Wameipima Namna Gani

Kila mwaka, majuma ya Kwarezima yanapokaribia kwisha, walimu wa dini katika parokia zetu za Kasongo na Kabambare huchagua vijana wa kucheza Mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu. Mmoja atakuwa Pilato, mwingine Petro, mwingine Yuda. Watu wanajaa uwanjani, wanalia, wanarudi nyumbani wakizungumza juu ya mchezo hata usiku. Lakini kesho yake kijana mmoja akija na kusema: «Padri, nataka kazi hii iwe kazi ya maisha yangu», tunamjibu nini? Mara nyingi tunacheka, na tunamwambia atafute kazi ya kweli.

Sisi wenyewe tulicheka hivyo siku moja. Kijana alikuwa amecheza Yuda kupita wote. Tangu siku ile watu walimwita Yuda hata sokoni. Wazee wa mchumba wake wakaanza kusitasita, wakisema: «Mtu anayejua kutoa machozi ya uongo atamdanganya mke naye». Alikuja kwetu kutafuta neno la kumtetea, nasi hatukulisema. Akahama, na mahari ikarudishwa. Ndiyo maana tumeona vema kuiuliza historia: ni kitu gani hasa Eklezia ilikataa katika kazi hii, na ni kitu gani ilikubali?

Tuanze na zamani. Mwaka wa 314 maaskofu waliokutana Arles, katika inchi ya Gallia, waliamuru wachezaji wa teatri wasipewe Komunyo wakati wote wanapoendelea na kazi yao. Amri hiyo ni kali, lakini tuangalie wakati wake. Teatri ya Waroma ilikuwa imefungwa pamoja na sikukuu za miungu, na michezo mingi ilikuwa ya aibu. Hata sheria ya Waroma wapagani iliwahesabu wachezaji kuwa watu wasio na heshima. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka wa 354, alipenda sana teatri katika ujana wake huko Kartago. Katika kitabu chake cha Maungamo anajiuliza sababu gani mtu anafurahi kulia juu ya mateso ambayo yeye mwenyewe hataki kuyapata.

Hata hivyo, Eklezia hiyohiyo inamheshimu mchezaji mmoja kama mfiadini: Mtakatifu Genesi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 25 Agosti. Mapokeo yanasema kwamba alikuwa akicheza Ubatizo kwa kuudhihaki mbele ya Kaizari Diokletiano. Katikati ya mchezo neema ikamshika, akakiri imani kwa kweli, akauawa. Tuone vizuri: neema ilimkuta hapo hapo kazini kwake.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliweka jambo hili sawa. Katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anafundisha kwamba roho ya mtu inachoka kama mwili unavyochoka, na kwamba mchezo ni pumziko lake. Kwa hiyo kazi ya mchezaji si zambi kwa yenyewe, ikiwa anashika kiasi, hatumii maneno wala matendo mabaya, na hafanyi mchezo wakati usiofaa. Tena anaongeza neno ambalo wengi wetu tumelisahau tangu seminari: wale wanaomsaidia mchezaji wa namna hiyo kwa kiasi hawafanyi zambi, bali wanatenda haki, maana wanamlipa mshahara wa kazi yake. Tomaso hasemi sadaka, anasema mshahara.

Lakini fundisho na desturi havikutembea pamoja. Huko Ufaransa, katika karne ya 17, Wayezuiti walifundisha vijana teatri katika vyuo vyao, ili wajue kusema vizuri mbele ya watu. Molière alisoma katika chuo chao cha Paris. Alipokufa, tarehe 17 Februari 1673, alikuwa hajapata nafasi ya kuikana kazi yake mbele ya padri, na parokia ikamkatalia maziko. Mke wake alimwendea mfalme. Ndipo askofu mkuu akaruhusu azikwe usiku, pasipo shangwe. Basi, kazi iliyofundishwa na mapadri darasani ilikataliwa na mapadri kaburini.

Je, sisi tuko mbali na hayo? Tunamwita kijana kwa Noeli na kwa Paska, tunafurahia ufundi wake, kisha tunamwacha akidharauliwa.

Tena tusiseme kwamba ufundi huu ni kitu cha Wazungu tu. Nani kati yetu hajaona mzee kando ya moto akisema kwa sauti ya Chui, halafu kwa sauti ya Sungura, na watoto wakiitikia? Huko Kivu, kwa Wanyanga, mwaka wa 1956 mzee Rureke alisimulia habari za shujaa Mwindo kwa muda wa siku 12. Hakukaa tu na kusema: aliimba, alicheza, aliiga matendo ya shujaa, na wenzake walimpigia. Kitabu cha habari hizo kilitolewa mwaka wa 1969. Lakini mara nyingi msimuliaji wetu alikuwa pia mkulima, na asubuhi alirudi shambani. Watu wetu walijua ufundi. Hawakuzoea kuuona kama kazi ya kumlisha mtu na watoto wake.

Mambo yalianza kugeuka katika miji mikubwa. Miaka ya 1950, huko Kasai, Padri Albert Van Haelst wa Scheut alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, na wachezaji wake walikuwa watu wa inchi. Huko Katanga, Kiswahili kilikuwa kimekuwa lugha ya kambi za wafanyakazi wa migodi, kama kilivyobaki lugha yetu hapa Kasongo hata baada ya muji wa Tippu Tip kutekwa tarehe 22 Aprili 1893 na kuachwa kuwa Tongoni. Ndani ya Kiswahili hicho cha Katanga kundi la Mufwankolo lilijulikana sana, kwa redio na kwa televisheni.

Mwaka wa 1986 kundi hilo lilitengeneza mchezo kutoka methali moja juu ya mamlaka: kwamba mamlaka huliwa nzima. Hawakuandika maneno ya kukariri. Walikaa, wakajadiliana maana ya methali, wakagawa nafasi: huyu sultani, huyu mzee, huyu mke. Kila mmoja alitafuta maneno yake mwenyewe, wakarudia mpaka mchezo ukashikana. Hapo tunaona ufundi wenyewe: kumsikiliza mwenzako, kukumbuka, kutawala sauti na mwili. Kutawala namna hii ni kinyume cha udanganyifu, kwa sababu mdanganyifu anaficha kwamba anaigiza, na mchezaji anaigiza mbele ya watu wanaojua.

Mfano mmoja wa mwisho. Huko Polandi, mwaka wa 1941, wakati wa utawala wa Wadachi, kijana mmoja alipasua mawe mchana, na jioni alicheza teatri kwa siri katika nyumba za watu, karibu pasipo vyombo vyovyote, kwa nguvu ya neno tu. Alitaka iwe kazi ya maisha yake. Mwaka wa 1942 aliingia seminari ya siri. Ni Karol Wojtyła, Papa Yoane Paulo wa Pili, aliyekuja katika inchi yetu mwaka wa 1980 na wa 1985. Mwaka wa 1999 aliwaandikia barua wasanii wa dunia yote. Hakuona aibu juu ya kazi yake ya kwanza.

Ndugu mapadri, waseminari na walimu wa dini, tufanye nini? Kwanza, tusimdanganye kijana: kazi hii hailishi upesi, na Papa mwenyewe alipasua mawe. Ajifunze kazi nyingine ya mkono pamoja nayo. Pili, wanapocheza kwa ajili ya parokia, tuwape kitu cha haki, hata kidogo, kama Tomaso anavyofundisha. Tatu, baada ya mchezo wa Mateso, padri asimame mbele ya wote, amtaje kwa jina lake la ubatizo yule aliyecheza Yuda, na amshukuru. Ni neno la dakika moja. Sisi tulikosa kulisema, na kijana alipoteza mchumba.

Mtakatifu Genesi atuombee.