Breki, upepo na mteremko wa Sekenke

Wadau, magazeti yetu hupenda kuandika "breki zilifeli" na kuishia hapo. Leo nataka niendelee kidogo.

Ukitoka Singida mjini kwenda Igunga unashuka Sekenke, na mteremko ule unaheshimu breki tu. Phoenix na Raleigh za wazee wetu zina vyuma vinavyovuta raba zibane rimu. Rimu ikilowa raba zinateleza, ila ubovu unauona kwa macho.

Baiskeli nyingi za mlimani za leo zina diski na mafuta. Chanzo chake ni Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki 1662: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, msukumo unafika kote. Mmarekani Malcolm Loughead akaipeleka kanuni hiyo kwenye magari, na mwaka 1921 Duesenberg akatoka na breki za mafuta magurudumu yote manne.

Adui ni upepo. Mafuta hayasinyai, hewa inasinyaa. Ikiingia, unabana mpaka mkono wa breki unagusa usukani na diski bado inazunguka. Mafuta ya DOT nayo hunyonya unyevu, na breki zikipata moto sana unyevu huo unageuka mvuke.

Ndiyo maana fundi "anatoa upepo", anasukuma mafuta mapya mpaka viputo viishe. Jamani, kazi hiyo ifanyike kabla ya Sekenke.