Pembe Nne za Godoro

Mwalimu wa shule ya Jumapili anayetaka kuwafundisha watoto urafiki mara nyingi huwapeleka Kapernaumu. Watu wanne wanamleta mtu aliyepooza, wanakuta mlango umezibwa na umati, wanapanda juu, wanatoboa dari na kumteremsha mpaka mbele ya Yesu. Watoto wanne hushika pembe za shuka, wa tano akalala katikati, kicheko kikaanza, na somo likafungwa kwa methali ya akufaaye kwa dhiki. Mchezo huu umezoeleka hata mtu hudhani habari hii imefundishwa hivyo tangu mitume. Lakini Injili haziwaiti wale wanne marafiki hata mara moja. Marko anawahesabu tu, Luka anasema ni wanaume, na Mathayo hataji hata dari. Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, Luka ya Kiswahili ina neno rafiki, ila hapo ni Yesu anayemwita hivyo mgonjwa, na Kigiriki chake kina neno la kawaida la mtu. Urafiki wa wabebaji, basi, umeletwa na wasomaji. Sioni kosa katika hilo. Kosa ninaloliona ni kwamba urafiki huo umefundishwa huku kikiachwa kitu kimoja kinachoupa haki ya kuwemo, nacho ni uzito.

Historia ya wabebaji hao katika mafundisho ni historia ya watu wanaosahaulika na kukumbukwa. Huko Dura-Europos, Syria, wachimbaji wa miaka ya 1930 walifukua nyumba iliyokuwa kanisa katika nusu ya kwanza ya karne ya 3. Ukutani mwa chumba cha ubatizo mgonjwa amechorwa mara mbili: amelala kitandani, kisha anatembea amejitwika kitanda hicho mgongoni. Yesu yupo juu yao. Wabebaji hawamo. Karne tatu baadaye, mafundi wa mozaiki wa Sant'Apollinare Nuovo, Ravenna, waliweka wanaume wawili darini wakishusha kitanda kwa kamba; wawili wengine sijui walibaki wapi. Robert Raikes alipoanzisha shule za Jumapili mjini Gloucester mwaka 1780, wanafunzi wake walikuwa watoto wa maskini waliofanya kazi wiki nzima, na Biblia ilikuwa kwanza kitabu cha kujifunzia kusoma. Mwaka 1872, mkutano wa shule za Jumapili uliofanyika Indianapolis, Marekani, ulipitisha ratiba ya masomo ambamo mtoto wa miaka mitano na babu yake walisoma sura ileile Jumapili ileile. Mpaka mwaka 1908 ndipo mkutano wa Louisville ulipokubali masomo yapangwe kwa umri, na hapo walimu wa wadogo wakapata nafasi ya kuanzia na yale mtoto anayoyajua: nyumbani, michezo, wenzake. Katika mazingira hayo wale wanne walifaa kuwa marafiki. Walikatwa kwenye karatasi, wakabandikwa kwenye ubao uliovishwa kitambaa cha flana, na mtu aliyepooza akawa mwepesi kama karatasi.

Dari nalo likawa jepesi. Wafransisko Virgilio Corbo na Stanislao Loffreda walioanza kuchimba Kapernaumu mwaka 1968 walikuta nyumba za mawe meusi, na paa zake zilikuwa za boriti, matawi na udongo. Msomaji wa Dodoma hahitaji maelezo marefu hapa: tembe la Mgogo ndilo hilo, paa bapa la miti na udongo. Kulitoboa si kusukuma kigae kando. Marko anatumia neno la kuchimba. Udongo ulidondoka juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakisikiliza, na mwenye nyumba alibaki na tundu la kuziba kabla mvua haijanyesha. Somo la watoto halimtaji mwenye nyumba.

Mahali ambapo uzito huo haukusahaulika ni Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye vilima ambavyo gari halikupata njia kwa muda mrefu. Huko jirani akizidiwa huitwa watu wa engozi. Engozi ni machela: kikapu kirefu cha kusukwa kilichofungwa kwenye miti mirefu. Wanne huinua mabegani, wengine hufuata nyuma ili wapokezane, maana mteremko wa utelezi humchosha mbebaji upesi kuliko anavyodhani mtu wa bondeni. Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith walipofika Kabale mwaka 1921 na kuanzisha hospitali, dawa ilipatikana, lakini ilimfaa yule tu aliyekuwa na wa kumfikisha. Vikundi vya engozi vina wanachama na taratibu. Anayekwepa zamu hutozwa faini. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya afya ya jamii mwaka 1996, haikubuni chombo kipya. Ilivitumia vikundi hivyohivyo.

Mtu atasema: penye faini hapana urafiki, hapo ni mkataba. Pingamizi hili lina nguvu kwa anayeamini kwamba urafiki ni hisia kwanza, tendo baadaye. Methali yetu haisemi hivyo. Haisemi rafiki ndiye atakayekufaa kwa dhiki. Inasema akufaaye ndiye rafiki. Kufaa kunatangulia, jina linafuata. Faini ya Kigezi inakiri tu kwamba moyo wa mtu hulegea usiku wa mvua, na mgonjwa hawezi kungoja upate joto. Wengine watasema kiini cha habari ni msamaha wa dhambi, urafiki ni pambo. Ni kweli msamaha ndio uliozua ubishi na waandishi mle ndani. Lakini Injili zote tatu zinasema Yesu aliona imani yao, kwa wingi, na kilichoonekana ni kazi ya mikono.

Pingamizi zito zaidi ni la tatu: mtoto mwenye ulemavu anayekaa darasani hujikuta kila mara ndiye wa kulazwa kwenye shuka, mfano wa wema wa wenzake. Hapa picha ya flana haina jibu, kwa kuwa humo wabebaji ni wabebaji daima na mgonjwa ni mgonjwa. Kikundi cha engozi kina jibu. Anayebebwa ni mwanachama kama wao, jina lake limo kwenye daftari, na hakuna mbebaji asiyejua kwamba ipo siku atapanda yeye kikapuni. Kubebwa si hali ya aina fulani ya watu. Ng'ambo ya mpaka, kwa Kinyarwanda na Kirundi, machela hiyo huitwa ingobyi, na ngozi ambayo mama humbebea mtoto mgongoni nayo huitwa ingobyi. Watoto wanaokaa mkekani kusikiliza habari za Kapernaumu wametoka humo juzi tu.