Ngoma ya Zimwi

Bibi yangu, mzaliwa wa Bagamoyo, alikuwa na hadithi moja ya kutisha. Wasichana walikwenda pwani kuokota makombe. Mmoja wao alisahau kombe lake juu ya mwamba, akarudi peke yake jua likitua. Zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka naye vijijini. Likiipiga ngoma, yeye huimba. Wengi huimalizia hadithi hii kwa wazazi kuitambua sauti na kumwokoa mtoto wao. Kwa bibi, watu walicheza, wakalisifu zimwi, ngoma ikapita.

Nililia nikimwomba amwokoe. Akanijibu, "Mjukuu wangu, nikimtoa leo, kesho nawe utarudi kufuata kombe."

Nimeyakumbuka maneno hayo kila nisomapo historia ya pwani yetu. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Wajerumani utawala wa mwambao, na watu wakakataa. Abushiri bin Salim aliushambulia mji wa Bagamoyo. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa Pangani. Mwaka uliofuata Bwana Heri wa Saadani naye akasalimu amri. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi, na jina lake hutangaza mwisho mapema: Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Msomaji hangoji tena kujua nani atashinda. Linalobaki ni kutazama jinsi watu walivyosimama, hali wakielekea kushindwa.

Riwaya nazo zina wajibu huo. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, binti aliyelelewa kwa ukali anaishia kujiua. Wapo waliochukizwa. Lakini mwandishi angemwoza mume mwema, sisi wazazi tungekifunga kitabu tukiwa na amani, wala tusingejiuliza habari za fimbo zetu.

Sisemi kila hadithi iishe kwa kilio. Nasema tu kwamba mwisho mwema hulipa deni ambalo pengine halijalipwa.

Wajukuu zangu nao huniomba nimtoe yule msichana. Usiku mmoja machozi yao yalinishinda, nikamtoa. Walilala upesi, na asubuhi hakuna aliyeuliza habari zake. Mimi niliyenyimwa, hadi leo nikisikia ngoma kwa mbali, hutulia kwanza nikasikiliza kama mna mtu ndani.