Rafiki Aliyemponza Aristotle

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya urafiki, na nitaanzia mbali, katika Ugiriki ya kale. Habari yenyewe ni ya watu wawili. Wa kwanza ni Aristotle, ambaye jina lake linajulikana dunia nzima. Wa pili ni Hermias, ambaye wanaomjua ni wachache. Lakini mimi naona kwamba bila huyu wa pili, mafundisho ya yule wa kwanza juu ya urafiki yanabaki kuwa maneno ya darasani tu.

Aristotle alizaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo katika mji wa Stageira, kaskazini mwa Ugiriki. Baba yake alikuwa tabibu wa mfalme wa Makedonia. Alipofika umri wa miaka 17 alikwenda Athens kusoma kwa Plato, akakaa katika chuo chake kwa miaka 20. Plato alipofariki, mwaka 347, Aristotle alivuka bahari hadi pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Huko alipokewa na Hermias, mtawala wa miji ya Atarneus na Assos, ambaye alimpa yeye na wenzake mahali pa kukaa na kuendelea na masomo yao. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba Hermias huyo aliwahi kuwa mtumwa. Aristotle akaoa kwake, mke anayeitwa Pythias, binti wa jamaa ya Hermias.

Mambo hayakuishia vizuri. Miji ya Hermias ilikuwa jirani ya dola kubwa ya Uajemi, naye alikuwa akielewana na Philip, mfalme wa Makedonia. Yapata mwaka 341, jemadari mmoja wa Waajemi, Mentor, alimkamata kwa hila, akampeleka kwa mfalme wake. Hermias aliteswa, kisha akauawa. Inasimuliwa kwamba aliwapelekea rafiki zake salamu za mwisho, kwamba hakutenda lolote la kuiaibisha falsafa.

Sasa hapa ndipo penye swali letu la leo. Mtu aliyekufa mikononi mwa watesaji, je, twaweza kusema kwamba maisha yake yalikuwa ya heri?

Nimetumia neno heri kwa makusudi. Wagiriki walikuwa na neno lao, eudaimonia, na wengi wetu tungependa kulitafsiri kuwa furaha. Lakini furaha huja na kuondoka. Mtu hufurahi timu yake ikishinda Jumapili, na Jumatatu amenuna. Tunapomwambia mwenzetu "kila la heri" hatumwombei acheke siku moja, bali tunamwombea mambo yake yote yamwendee vyema. Hiyo ndiyo maana iliyo karibu zaidi. Aristotle alisema heri ya mtu ni kutenda kwa fadhila, yaani kwa tabia njema iliyokomaa, na si kwa siku chache tu bali kwa maisha yaliyotimia. Sisi husema hujafa hujaumbika. Wagiriki nao walikuwa na wazo kama hilo, na Aristotle alilichukua kwa uzito.

Na fadhila yenyewe hupatikanaje? Alijibu kwamba haizaliwi na mtu, bali hujengwa kwa mazoea. Kama vile fundi seremala anavyojifunza useremala kwa kuchonga mbao, ndivyo mtu anavyokuwa hodari kwa kutenda ya uhodari, na mwaminifu kwa kurudisha alichokopa. Tangu utoto.

Basi turudi kwa Hermias. Walikuwapo wanafalsafa, hasa wale wa baadaye walioitwa Wastoa, waliosema kwamba mwema ana heri hata akiwa katika mateso. Aristotle hakukubali kabisa. Aliona kwamba kumwita mtu anayeteswa kuwa mwenye heri ni maneno matupu. Heri inahitaji pia afya, riziki ya kutosha, watoto na marafiki. Lakini papo hapo aliongeza jambo ambalo mimi naliona ni zito: mtu mwema hawezi kamwe kuwa duni, hata balaa likimwandama, kwa sababu hatakubali kutenda mambo ya aibu. Mateso yaweza kumnyang'anya heri yake, lakini hayawezi kumfanya mtu hafifu. Hakumtaja Hermias hapo, lakini kila nisomapo hoja hiyo ni Hermias ninayemfikiria.

Kitabu chake kikubwa juu ya maadili kina sehemu 10. Haki, jambo zito kama lilivyo, ilipewa sehemu moja. Urafiki ulipewa mbili. Aliugawa katika aina tatu. Upo urafiki wa manufaa, kama wa wafanyabiashara wawili: biashara ikifa na urafiki umekufa. Upo urafiki wa starehe, ambao aliuona zaidi kwa vijana: starehe ikihamia kwingine, rafiki naye huhama. Na upo urafiki wa watu wema, ambapo kila mmoja anampenda mwenzake kwa vile alivyo, na kumtakia mema kwa ajili yake mwenyewe. Huu wa tatu ni adimu, na unachukua muda. Wagiriki walikuwa na msemo kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Sisi tukisema mtu amekula chumvi nyingi tuna maana kwamba ameishi miaka mingi. Misemo hiyo miwili si mbali sana.

Lakini nisimsifu kupita kiasi. Huyu huyu Aristotle aliandika kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa maumbile yao. Alisema bwana hawezi kuwa rafiki wa mtumwa kama mtumwa, ila aweza kuwa rafiki yake kama binadamu. Mlango aliufungua, kisha akashindwa kuingia. Na ikiwa ni kweli kwamba Hermias aliwahi kuwa mtumwa, basi rafiki yake mwenyewe alikuwa ushahidi dhidi ya nadharia yake. Epicurus, aliyefungua shule yake katika bustani huko Athens yapata mwaka 306, aliwapokea wanawake na watumwa pia. Katika hilo alimzidi Aristotle.

Hata hivyo urafiki hupimwa kwa vitendo, na hapo Aristotle hakupungua. Hermias alipouawa, alimtungia utenzi wa kuisifu fadhila, na huko Delphi ikawekwa sanamu ya kumkumbuka. Miaka ikapita. Aristotle akamfundisha Alexander, mwana wa Philip, kisha mwaka 335 akarudi Athens kufungua chuo chake. Alexander alipofariki mwaka 323, Athens iliwachukia wote walioonekana kuwa watu wa Makedonia. Aristotle akashtakiwa kwa kuikosea dini ya mji, na ushahidi uliotolewa ulikuwa utenzi ule ule: eti alimwimbia binadamu kana kwamba ni mungu. Alikimbilia Chalkis, na mwaka uliofuata, 322, akafariki akiwa na miaka 62. Katika wosia wake aliagiza mifupa ya Pythias izikwe pamoja naye, kama mwenyewe Pythias alivyotaka, na kwamba watumwa waliomhudumia wasiuzwe.

Tazama basi, msikilizaji. Hermias alikuwa amekufa karibu miaka 20. Hakuwa na mji, wala fedha, wala cheo cha kumpa mtu. Ingekuwa ni urafiki wa manufaa, ungekwisha siku alipokamatwa. Tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aristotle alimfaa mwenzake hata baada ya dhiki kumaliza kazi yake, na akalipa kwa hilo.

Katika miji yetu mtu aweza kufahamiana na watu mia tatu: wa kazini, wa baa, wa mtaani, wa kwenye kamati za harusi. Sisemi tuwadharau, maana Aristotle mwenyewe hakuwadharau. Manufaa na starehe ni sehemu ya maisha. Ninachouliza ni hiki: siku ambapo kulitaja jina lako kwa wema kutakuwa na gharama, ni wangapi kati yao watakaolitaja? Na wewe, utalitaja la nani?

Hadi wiki ijayo, nawatakia kila la heri.