Seli B, mtuhumiwa aliyeachwa huru miaka 60

Kila Mei 30 ni Siku ya Dunia ya MS, yaani maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao askari wa kinga ya mwili huigeukia ala ya mafuta inayofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Daktari Mfaransa Charcot aliueleza mjini Paris mwaka 1868. Mwaka 1891 Mjerumani Heinrich Quincke akaonyesha jinsi ya kuchota maji ya uti wa mgongo: mgonjwa analala ubavu, magoti kifuani, sindano inaingia kiunoni, na maji maangavu yanadondoka tone kwa tone kichupani.

Mwaka 1942 Elvin Kabat wa New York aliyapitisha maji hayo ya wagonjwa wa MS kwenye umeme, akakuta kingamwili zimezidi. Kingamwili ni kazi ya ukoo wa seli B, aina mojawapo ya askari hao wa kinga. Lakini seli nyingi zilizohesabiwa humo zilikuwa T, aina nyingine ya askari hao, na panya waliodungwa seli T za wenzao wagonjwa walipooza. Hukumu ikapita: mkosaji ni T, na B ni mpita njia.

Stephen Hauser wa San Francisco hakukubali. Nyani wake wadogo aina ya marmoseti walimwonyesha kwamba T peke yake haileti madhara kama ya binadamu. Alipoomba fedha za serikali ya Marekani ajaribu rituximab, dawa ya saratani inayofuta seli B kwenye damu, wakaguzi walimkatalia. Waliona wazo lenyewe haliingii akilini. Kampuni ya Genentech ikamfadhili. Wagonjwa walikuwa 104. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: makovu mapya yenye uvimbe ubongoni yalipungua kwa asilimia 91. Kilichomshangaza Hauser mwenyewe ni kwamba nafuu ilikuja upesi mno, kabla kingamwili hazijapungua. Kumbe kosa kubwa la B ni uchochezi: ndiyo inayowapandisha T mori. Anne Cross wa St. Louis alikwisha kuona kwamba baada ya dawa hiyo, hata T hupungua katika maji ya uti wa mgongo.

Ocrelizumab, ndugu wa rituximab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaiweka rituximab kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS. Inaniuma kwamba kwetu bado wapo wanaopofuka jicho moja, kisha kufa ganzi miguu, wakapelekwa kwa waganga kuaguliwa, na hakuna aliyewachota tone moja la maji hayo.