Bunge la Hungaria na Vita Ambavyo Halikuvipigia Kura

Oktoba 1902 wabunge wa Hungaria walihamia kwenye jumba lao jipya kando ya Mto Danube, mjini Budapest. Msanifu wake, Imre Steindl, hakujaliwa kuwaona wakikaa humo. Alifariki wiki chache tu kabla. Ujenzi ulianza mwaka 1885, na jumba lilipoinuka lilikuwa na urefu wa mita 268 na kuba la mita 96. Hata wavutaji walifikiriwa. Kwenye madirisha ya ushoroba, nje ya ukumbi wa mikutano, vilifungwa vishikio vya shaba vya kuwekea sigara nene, kila kimoja na namba yake, ili mbunge akiitwa ghafla kupiga kura aiache yake hapo na kuikuta akitoka.

Fahari ya jumba ilizidi mamlaka ya waliokaa ndani yake. Kwa Mapatano ya 1867, Hungaria na Austria zilikuwa na mtawala mmoja, Franz Joseph, kaisari kule Vienna na mfalme huku Budapest. Kila nchi ilikuwa na bunge na serikali yake, ila mambo ya nje, jeshi na fedha za kuyaendesha vilikuwa chini ya mawaziri wa pamoja. Bunge la Budapest liliamua idadi ya vijana wa kuandikishwa jeshini, na likatuma wajumbe 60 kujadili bajeti ya pamoja. Kutangaza vita ilikuwa haki ya mfalme. Mkataba wa Utatu na Ujerumani na Italia, uliotiwa saini mwaka 1882, ulikuwa wa siri.

Waliowachagua wabunge hao nao walikuwa wachache: takribani asilimia 6 tu ya watu wote ndio waliokuwa na haki ya kupiga kura, tena wakitaja chaguo lao hadharani. Waromania, Waslovaki na Waserbia, waliokuwa sehemu kubwa ya raia, walipata viti vya kuhesabu kwa vidole.

Kwa kuwa askari na fedha ndivyo vilivyohitaji idhini ya Bunge, ugomvi wote ukaelekea huko. Upinzani ulidai amri za jeshi zitolewe kwa Kihungaria badala ya Kijerumani. Septemba 1903 mfalme akakataa katakata. Wapinzani wakajibu kwa hotuba zisizokwisha, hata miswada ikakwama. Waziri Mkuu, István Tisza, akachoka. Tarehe 18 Novemba 1904, katikati ya kelele, Spika alipunga kitambaa, na chama tawala kikahesabu kwamba kanuni mpya za kuzuia hotuba hizo zimepita. Desemba 13 wapinzani waliingia ukumbini wakavunjavunja viti na meza. Katika uchaguzi wa Januari 1905 chama cha Tisza, kilichotawala kwa miaka 30, kikaangushwa.

Mfalme hakuwapa washindi serikali. Tarehe 19 Februari 1906 wanajeshi waliingia bungeni, na kanali mmoja akasoma ukumbini amri ya kulivunja Bunge.

Tisza alirudi mwaka 1912, safari hii akiwa Spika. Juni 4 aliita polisi wawatoe nje wapinzani, na muswada wa kuongeza askari ukapita wao wakiwa hawamo. Siku tatu baadaye Gyula Kovács, mmoja wa wabunge waliofukuzwa, alimfyatulia risasi tatu kutoka jukwaa la waandishi wa habari. Zote zilimkosa. Kovács akajipiga mwenyewe, lakini akapona. Tisza aliendelea na kikao.

Julai 1914, baada ya mauaji ya mrithi wa kiti cha enzi, Tisza, sasa Waziri Mkuu tena, alisimama peke yake katika baraza la mawaziri wa pamoja kupinga kuishambulia Serbia mara moja. Alihofia Romania ingeivamia Transylvania, eneo la mashariki mwa Hungaria, wala hakutaka Waslavi zaidi ndani ya himaya. Ujerumani ilipoahidi kuwa bega kwa bega na Vienna, alikubali, kwa sharti kwamba Hungaria na Austria zisijitwalie ardhi ya Serbia. Vita vikatangazwa Julai 28. Bunge halikuulizwa, ingawa lilikuwa vikaoni, na vyama vikaweka ugomvi kando. Bunge la Austria lilikuwa limefungwa tangu Machi na halikufunguliwa hadi Mei 1917. La Budapest liliendelea kukaa muda wote wa vita, na wabunge wale wale wa 1910, kwani uchaguzi uliahirishwa.

Washirika wakabadilika. Italia iligeuka adui Mei 1915. Romania ikaingia Transylvania Agosti 1916, kama Tisza alivyohofia. Mihály Károlyi, kabaila wa upinzani, alisimama bungeni kudai amani na kuachana na Ujerumani, akazomewa. Tarehe 17 Oktoba 1918 Tisza mwenyewe alikiri mbele ya wabunge kwamba vita vimeshindwa. Kesho yake Alexandru Vaida-Voevod, mbunge Mromania, alisoma tamko kwamba watu wake wataamua mustakabali wao wenyewe. Oktoba 31 wanajeshi walimuua Tisza nyumbani kwake. Novemba 16 baraza la wabunge lilijivunja, na jamhuri ikatangazwa uwanjani mbele ya jumba.

Bunge lililochaguliwa mwaka 1920, kwa kura ya siri iliyowahusisha na wanawake, ndilo lililobebeshwa hesabu ya mwisho. Novemba mwaka huo liliidhinisha mkataba wa amani wa Trianon, ulioiondolea nchi takribani theluthi mbili za eneo lake.

Wabunge wa leo, 199 kwa idadi, hukaa katika ukumbi ule ule, ulio upande wa kusini wa jumba. Siku hizi mikataba ya ushirika hupitia kwao. Uswidi ilipoomba kujiunga na NATO mwaka 2022, Hungaria ilikuwa mwanachama wa mwisho kuidhinisha ombi hilo. Bunge lilipiga kura tarehe 26 Februari 2024, 188 wakaafiki na 6 wakapinga.